Tairi Lililogeuzwa

Hebu nisikilize, wewe uliye na gari na wewe usiye nalo. Kabla sijakusimulia habari za mtu huyu, weka kiganja chako juu ya meza, au juu ya paja lako, popote ulipoketi. Kisukume mbele polepole. Sasa kirudishe. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Fundi miaka yote niliyomjua, ila yeye aliifanya juu ya matairi, na asubuhi moja kazi hiyo ilinitoa mikononi mwa watu waliokuwa wamekwisha kuokota mawe ya kuniulia. Usijali kama hujui lolote kuhusu magari. Nami nilikuwa dereva kwa muda mrefu bila kujua. Nitakueleza kama nilivyoelezwa, kidogo kidogo.

Tulimwita Fundi tu. Nyuma ya soko la Kariokor mafundi walikuwa tele, wa injini, wa breki, wa kuchomelea, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, kila mtu alikuonyesha yule mmoja aliyenyoosha magurudumu kwa uzi. Hakuwa na mashine. Alikuwa na vyuma vinne vya kuchomeka ardhini, uzi wa nailoni, futi ya mbao na kipande cha chaki. Alilizungushia gari uzi huo kushoto na kulia, akauvuta mpaka ukalia ukiugusa, kisha akapima kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya mbele ya gurudumu, na kutoka kwenye uzi hadi sehemu ya nyuma. Vipimo visipolingana kama inavyotakiwa, gurudumu halitazami mbele. Linatazama pembeni, na gari linalazimika kuliburuta.

Fikiria viatu vyako. Mtu mwenye matege hukanyaga kwa upande wa nje, na soli yake huisha upande wa nje. Gurudumu nalo likipinda likalalia nje, tairi hulika ukingo wa nje, na gari huanza kuvuta kuelekea upande huo. Ukiachilia usukani, linakupeleka linakotaka lenyewe. Shimo moja la barabarani linatosha kuleta ugonjwa huo. Naomba ulikumbuke hili la matege, tutalirudia.

Fundi mwenyewe alikuwa na matege. Alivaa akala, zile ndara za tairi zinazoshonwa hapo hapo Kariokor, na zilikuwa zimelika upande wa nje mpaka mguu ukaonekana kama unataka kumwagika. Mama Uji, aliyeuza uji ng'ambo ya njia na ambaye hakumwogopa mtu, alimchokoza kila asubuhi.

"Fundi, unanyoosha magari ya watu. Wewe utanyooshwa na nani?"

"Mungu," alijibu, "akipata uzi mrefu."

Alipolisoma tairi alifumba macho. Alipitisha kiganja chake cha kulia kutoka nje kwenda ndani, akakirudisha, kama mama anayepapasa paji la mtoto kuona kama ana homa. Kisha akakuambia maisha yako. Mara ya kwanza nilipompelekea pikapu yangu hakuniuliza jina. Alipapasa matairi yote manne akasema, "Dereva, wewe unabeba mzigo mzito, na unaupanga kushoto. Halafu kona unaikata kama mtu anakukimbiza." Nilikuwa nabeba ngozi mbichi za ng'ombe, kutoka machinjioni hadi kwa watengenezaji wa mikoba na mikanda pale sokoni, na kweli nilizipanga kushoto, kwa sababu kulia sakafu ilikuwa na tundu.

Sasa nikuambie upande wake mwingine, maana nikikuonyesha kiganja tu nitakuwa nimekudanganya.

Fundi alikuwa mtu wa kupiga. Alipiga kwa ngumi, kwa kichwa, na zaidi kwa kile chuma kirefu cha kutolea tairi ambacho hakikuwahi kuwa mbali na mguu wake. Mwizi mmoja aliyemwibia spana alimpiga mpaka uso wake ukapoteza umbo. Halafu, midomo ya yule mtu ilipovimba asiweze kunywa, Fundi alichukua uji kwa Mama Uji, akaketi chini, akamlisha kwa kijiko hadi kikombe kikaisha. Spana hakuidai tena. Sote tulicheka siku ile. Nikikumbuka sasa sicheki. Mkewe alikuwa na kovu juu ya nyusi, na alivuta kitambaa cha kichwa chini kulifunika. Sikumuuliza Fundi juu ya kovu hilo hata siku moja. Hakuna aliyemuuliza. Tuliishi hivyo katika mitaa ile: kila ukuta ulisikia, na kila ukuta ulinyamaza.

Jambo moja lilimpandisha hasira kuliko yote. Wenye magari wengi, tairi likilika upande mmoja, hawakutaka kunyoosha gurudumu. Walitaka tairi ligeuzwe: litolewe kwenye rimu yake, lirudishwe ule upande wa ndani ukiwa nje. Kipara kinajificha ndani, nje inaonekana michirizi mizuri, na askari wa barabarani anapita. Kila fundi wa pancha alifanya kazi hiyo. Fundi hakuifanya.

Nilikuwepo siku mwenye teksi mmoja alipokuja na miwani yake ya jua.

"Fundi, nigeuzie hizi mbili za mbele. Mambo ya uzi sitaki, niko na haraka."

"Na gurudumu?"

"Gurudumu iko sawa."

Fundi aliokota chuma chake akaivunja taa ya mbele kwa pigo moja. "Na hii?" akauliza kwa upole. "Hii pia iko sawa?"

Walipigana kati ya vyuma na uzi. Mwenye teksi alipoteza jino na miwani. Kesho yake, gari likiwa bado limesimama pale, Fundi alitoa taa nzuri kwenye vitu vyake mwenyewe akaifunga bila neno. Mwenye teksi, shavu limevimba, akakubali gari lake lizungushiwe uzi.

"Kugeuza tairi," Fundi aliniambia jioni hiyo, akijifuta damu kwenye vidole, "ni kumpaka mgonjwa mafuta usoni. Watu wanaona anang'aa, wanasema amepona. Tairi ni shahidi, Dereva. Ukiigeuza, umeifunga mdomo."

Ungefikiri mtu kama huyo hakuna wa kumtisha. Yupo mmoja: mwalimu wa kwaya kanisani kwake, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyekaa mtaa wa Bahati na kuendesha gari dogo jeupe. Fundi aliimba besi. Alinieleza kuwa kabla ya mwalimu yule, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa kuna kitu ndani yake kinachopendeza kusikika. Siku za mazoezi aliosha mikono kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka ngozi ikachubuka, na mazoezini, nasikia, mwalimu alimkemea mbele ya watu wote naye akajibu, "Ndiyo, Mwalimu," kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa nifike asubuhi ile.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa natoka machinjioni, pikapu imejaa ngozi, nikapitia njia ya udongo inayokata nyuma ya nyumba za Ziwani. Pikapu yangu ilikuwa nyeupe. Mbele nikaona watu wengi kando ya mtaro. Nilipunguza mwendo, na hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu mtu mmoja alitazama nyuma ya gari langu akapiga kelele.

"Ni huyu! Cheki damu!"

Maji mekundu ya chumvi na damu yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye ngozi, yakipita chini ya kifuniko cha nyuma. Kabla sijaelewa, dirisha lilikuwa limevunjwa na nilikuwa nimevutwa nje kwa kola. Ndipo nikamwona yule mama. Alikuwa muuza makaa. Mtu alikuwa amemfunika kwa gunia lake mwenyewe, na mguu mmoja ulikuwa umebaki nje. Gari jeupe lilikuwa limeacha njia, likamgonga pale kwenye ukingo wa mtaro, likakimbia.

"Ni damu ya ngozi!" nilisema. "Ni ng'ombe! Nabeba ng'ombe!"

"Leo ng'ombe ni wewe," mmoja akajibu, na watu wakacheka, na kicheko kile kiliniogofya kuliko mawe. Ngumi ya kwanza ilinipata sikioni. Ya pili sikujua imetoka wapi. Nilianguka kwenye matope, nikaona miguu tu, viatu vya kazini, ndara, miguu mitupu. Mtu alinikanyaga mbavu nikasikia kitu kinakatika ndani kama kijiti. Juu yangu mwanamume mmoja mnene, amevaa ovaroli ya kiwandani, alikuwa amenyanyua jiwe la ukubwa wa mtungi kwa mikono miwili, anatafuta mahali pa kusimama vizuri.

Fundi alitokea Kariokor. Mama Uji ndiye aliyeisikia habari na kumwambia, naye alikuja mbio kwa matege yake, chuma mkononi. Aliwapiga watatu migongoni kwa kile chuma ili afungue njia, na kwa sababu walimjua, walimpisha.

"Nipeni muda kidogo," alisema. "Nisome, ndio muue."

"Unasoma matope, mzee?"

"Nasoma."

Alipiga magoti pale ukingoni, ambapo alama ya gurudumu la mbele la kushoto ilikuwa imebaki kwenye udongo laini kama muhuri. Aliweka kiganja ndani ya alama hiyo akafumba macho. Nilimwona anabadilika uso, nikadhani ameona la kunihukumu.

Kisha akanyanyuka, akamshika mkono yule wa jiwe, akamwambia aliweke chini kidogo tu, atalichukua tena. Akamkalisha kando yake. "Weka kidole hapa. Matope imezama sana upande gani, nje ama ndani?"

"Nje."

"Basi gurudumu ya hiyo gari imelalia nje, kama mguu wangu. Tairi yake italika wapi?"

Mtu yule alitazama akala za Fundi. "Nje."

"Na hapa, upande gani hauna michirizi? Gusa."

Alipapasa. "Ndani," akasema, akishangaa. "Kipara iko ndani."

"Dereva, amka. Sogeza gari yako."

Niliinuka nikishika mbavu, nikalisogeza hatua mbili, watu wameng'ang'ania milango. Fundi akamwonyesha yule mtu alama yangu mpya. Kina chake kilikuwa sawa pande zote, michirizi sawa pande zote. "Hii niliinyoosha mimi juzi. Haijaua mtu."

Yule mwanamume alizitazama alama zote mbili kwa muda. Jiwe hakuliokota. Wengine wakaachilia mlango wa gari langu. Nilikuwa nimepona, nawe ungependa hadithi iishie hapo. Lakini yule mtu wa ovaroli alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri huuliza swali la pili.

"Sasa, Fundi, kama gari inalalia nje, mbona kipara iko ndani?"

Fundi alijifuta tope kwenye kiganja.

"Kwa sababu tairi imegeuzwa."

"Nani aligeuza?"

"Mimi."

Nilijua kuwa ni kweli kwa jinsi alivyolisema. Mengine niliambiwa baadaye na Mama Uji. Mwalimu wa kwaya alikuwa amemletea gari lake Ijumaa moja, mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu umepinda shimoni, tairi limeliwa nje. Kuunyoosha kulihitaji moto na siku nzima, na Jumamosi gari lilikuwa la kumbeba bibi harusi. Mwalimu alimwomba kwa ile sauti yake ndogo: nigeuzie tu, Jumatatu narudi. Ndilo tairi pekee ambalo Fundi aliwahi kugeuza bila kunyoosha gurudumu, na kiganja chake kililikumbuka pale matopeni. Jumatatu mwalimu hakurudi. Tairi lilionekana zuri, akadhani amepona.

"Gari ya nani?" watu wakauliza. Mduara ulikuwa umejifunga tena, sasa yeye akiwa katikati.

"Hiyo sisemi. Nikisema mtamuua."

"Utasema!"

"Nimegeuza mimi," Fundi akasema, akakitupa chuma chake miguuni pao. "Anzeni hapa."

Huyu ni mtu aliyekuwa amepiga watu maisha yake yote, na sikumwona akiinua mkono. Walimpiga teke la kinena akainama. Walimpiga tofali mgongoni. Yule wa ovaroli ndiye aliyekiokota chuma. "Ni mkono upi unasoma?" akauliza. Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya ukingo wa daraja dogo la mtaro, watu wawili wakamkalia bega.

Nami? Injini ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilitia gia nikaondoka. Pigo la kwanza niliona kwenye kioo. La pili nilisikia. Nimekueleza mambo ya matairi kwa utaratibu, na hili pia nalieleza kwa utaratibu: mtu aliyenitoa kwenye kifo alikuwa anavunjwa vidole nyuma yangu, na mimi niliendesha gari.

Mama Uji ndiye aliyemwokoa. Alifika na sufuria yake akawamwagia uji wa moto, na watu waliokuwa tayari kuua walikimbia wakijipangusa shingo na kulia. Aliufunga ule mkono kwa leso. Alimwambia waende hospitali. Fundi alisema kwanza ana kazi.

Alitembea hadi Bahati. Alimkuta mwalimu ameketi sebuleni kwake, mlango umefungwa, gari limefunikwa turubai. Fundi alimzaba kofi moja kwa mkono wa kushoto, likamwangusha kutoka kitini. Kisha alivua koti lake mwenyewe, akamfunika mwalimu kichwa na mabega ili njiani asitambulike, akampeleka kituo cha polisi kwa miguu, wakipita kando ya watu wale wale waliokuwa bado wanamtafuta mwenye gari. Mwalimu alifungwa. Kanisani baadhi ya watu walisema Fundi amemsaliti mtumishi. Hakuimba tena.

Nilipita njia nyingine miaka kadhaa. Ngozi zangu nilizishusha upande wa pili wa soko.

Mara ya mwisho nilimwona mtaa wa Lucky Summer, wakati nyumba za huko zilipokuwa bado chache na mahindi yanakuja hadi mlangoni. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimempelekea mtu mzigo, nikamwona ameketi juu ya tairi chini ya mabati, mvi kichwani, vyuma vinne na uzi kando yake. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani kama tangawizi, vidole vinatazama kila upande. Nilizima gari. Nilikuwa nimebeba maneno ya kuomba msamaha kwa miaka yote hiyo, nikayaanza.

"Fundi, siku ile mimi..."

"Hiyo ya mbele kushoto," akanikatiza, akitazama pikapu yangu. "Isome. Huu mkono hausikii."

Nilichuchumaa nikapitisha kiganja. "Iko sawa."

"Uongo. Fumba macho. Usibonyeze, papasa tu. Nje kwenda ndani. Haya, rudi."

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu nilisikia: kwenda kulikuwa laini, kurudi kukanikwaruza, kama samaki anapopapaswa kinyume cha magamba.

"Inakwaruza ikirudi."

"Ehe. Inatazama ndani kidogo. Sasa unajua." Halafu akaniuliza swali alilokuwa amelihifadhi. "Siku ile ulipoondoka. Gari ilivuta upande?"

"Haikuvuta, Fundi."

"Ulikuwa umeshika usukani vizuri?"

"Hapana. Niliuachilia kabisa."

"Ikaenda moja kwa moja?"

"Moja kwa moja, mpaka Jogoo Road."

Alipiga goti lake kwa ule mkono wa tangawizi, uso ukakunjuka, akacheka kwa besi yake yote mpaka kuku wakatawanyika. "Basi," alisema. "Basi ile moja niliinyoosha." Kisha akanikabidhi ncha ya uzi, akanionyesha pa kuchomeka chuma cha kwanza.

Kesho asubuhi, kabla hujaliwasha gari, lako au la jirani, chuchumaa kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Fumba macho, pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe. Likikukwaruza upande mmoja, au ukikuta kipara kwenye ukingo mmoja tu, usiligeuze. Lipeleke gari likanyooshwe kwanza.